Jembe Lililooshwa

Mushagalusa alipoiwasha mashine ya kutafutia madini, ililia kabla hajapiga hata hatua. Alikuwa amesimama kwenye ua wa Maman Nzigire, juu kilimani Nyakarenzo, fimbo ya mashine mkononi, na ile sahani nyeusi ya mwishoni mwa fimbo ikining'inia juu ya udongo mwekundu. Visikio vyake vya kuvaa masikioni vilikuwa vimeharibika, basi kelele zote zilitoka nje na kilima kizima kikasikia. Akiishusha sahani, mashine inapiga ukelele kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Akiiinua, inanyamaza.

"Imeshaona?" Uwera, bintiye Maman Nzigire, akauliza, jembe la kuchimbia tayari mkononi.

"Haijaona kitu. Inalilia udongo." Mushagalusa akapandisha sahani na kuishusha, akapandisha na kuishusha, kama mtu anayetwanga, huku kidole gumba kikizungusha kifungo kidogo. "Udongo ya huku iko na chuma ndani, dada. Ile wekundu yote unaona, ni chuma hiyo. Lazima kwanza nisawazishe. Ni kusema, naiambia mashine: hii ni udongo, iache. Kitu ingine yote, uililie."

Kelele ikapungua, ikawa mnong'ono, ikaisha. Uwera akaliweka neno hilo kichwani. Shule aliachia darasa la sita, lakini jambo likielezwa mbele yake mara moja, halikuhitaji kurudiwa.

"Sasa iambie itafute jembe," akasema.

"Pole pole. Siye hatukimbizaki mashine."

Jembe lenyewe lilikuwa na mambo yake. Marehemu Kayitare, babake Uwera, alipokwenda kuoa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, pamoja na ng'ombe na pombe alibeba jembe jipya, la kufuliwa na mhunzi, lenye mkia mrefu wa kuingia kwenye mpini. Kwao Rwanda hakuna bibi harusi bila jembe. Wakwe zake, watu wa kabila la Bashi, wakaligeuza huku na huku. Ng'ombe wamemwona, pombe wameionja. Hili jembe ni la nini? Au huyu mkwe anadhani binti yetu hana la kulimia? Wakalirudisha, kwa heshima zote, na Kayitare akarudi nalo hadi Nyakarenzo. Aliona haya kulilimia, aliona haya kuliuza. Wiki ileile yeye na jirani yake walikuwa wanapanda miyenzi ya mpaka, ile minyaa yenye maziwa ya kuunguza macho. Wakakubaliana walizike jembe kwenye kona, chini ya muyenzi wa mwisho karibu na barabara. Mti unaweza kukauka au kung'olewa. Chuma kitakaa pale kilipolazwa.

Maman Nzigire aliwaona. Siku hizo alikuwa bado bibi harusi wa kufungiwa ndani, hajatolewa nje kuonana na watu, basi alikuwa anauchungulia ulimwengu kwa jicho moja, kwenye ufa wa mlango. Kwa jicho hilo aliwaona mumewe na jirani wakilibeba jembe lake na kulifukia kama maiti.

Sasa wale wanaume wawili wote walikuwa wamefariki, na miyenzi ya zamani imekauka ikaisha. Nyumba ya zamani ilibomolewa wakajenga nyingine ya mabati juu kidogo. Harelimana, mtoto wa yule jirani, akarudi kutoka Kamembe alikokuwa anauza magodoro, akapanda miyenzi yake mipya pale alipodai baba yake alimwonyesha. Aliipanda mbele kabisa ya njia ya Maman Nzigire, akaziba na matawi ya miiba. Tangu hapo Uwera, akiwa na kikapu cha nyanya za kupeleka Bukavu, ilimbidi ateremke hadi bondeni, avuke tope, apande tena kwa akina Nyirabagenzi ndipo aifikie barabara. Kila asubuhi. Barabara anaiona palepale mbele ya mlango, pikipiki zinapita zinampigia honi, na yeye anakwenda kulitafuta tope kwanza.

Abunzi, wale wapatanishi wa kijiji, walikuja wakasikiliza. Wakasema jicho moja kwenye ufa, na miaka yote hii, halitoshi. "Mtuletee kitu cha kushikwa," alisema mkuu wao, Mukamazimpaka. Mpaka hapo, kile kipande kilichogombaniwa asikilime mtu. Na leo saa tisa walikuwa wanarudi kumaliza, maana wapima mashamba wa serikali walikuwa wamefika kilima cha jirani, na wakishaandika wao, imeandikwa.

Ndiyo maana Maman Nzigire alituma habari Bukavu kwa mtoto wa mdogo wake. Mushagalusa alikuwa anabeba mashine ya patron, bosi mmoja wa dhahabu, huko kwenye machimbo. Patron alikuwa safarini. Mashine ilikuwa imesafiri pia, ndani ya gunia la makaa, na ilitakiwa iwe imerudi ng'ambo kabla ya mpaka kufungwa.

Wakaingia kwenye kile kipande. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Mushagalusa akawa anapeleka sahani kushoto na kulia, taratibu, sambamba na ardhi.

"Usifanye kama kufagia," alimwelekeza Uwera, ingawa yeye ndiye aliyeshika fimbo. "Mufagio unapanda mwisho. Sahani haipandi. Na ukirudi, urudie nusu ya pale ulipita. Ukiacha nafasi katikati, kitu yako inabaki mule inakucheka."

Pii! Mashine ikalia, kali, fupi.

Uwera akachimba. Kizibo cha bia.

Pii! Uwera akachimba. Karatasi ya fedha ya sigara. Wakasogea. Betri ya redio, imeoza imetoa unga. Wakasogea. Kizibo. Mfuniko wa dawa ya kikohozi. Kizibo. Kizibo.

"Hawa walikuwa wanazika jembe ao walikuwa wanafungua bar?" Mushagalusa akauliza.

"Vizibo si vya baba. Ni vya huyo." Uwera akanyoosha kidevu.

Harelimana alikuwa amesimama upande wa pili wa miyenzi yake, mikono nyuma, kofia ya Kamembe kichwani. Alikuwa mtu wa maneno. Miaka ya kuuza magodoro ilimfundisha kutomwachia mtu apite hivihivi.

"Muzidi kuchimba!" akasema kwa Kiswahili, ili Mushagalusa asikose kitu. "Mukimaliza nitapanda viazi humo bila kulima. Na vizibo vyangu munirudishie, nilikuwa naviwekea akiba."

"Papa Harelimana, utacheka saa tisa," Uwera akamjibu.

"Nimeanza mapema, mwanangu, nisije nikachelewa."

Watu wakaanza kukusanyika barabarani. Bibi Nyirabagenzi alisimamisha jerikani yake akauliza kama ni kweli wanatafuta sanduku la Wabelgiji. Mwingine akasema si Wabelgiji, ni Wajerumani. Kila mashine ilipolia, watu wote walinyoosha shingo. Kila Uwera alipoinua kizibo, wakacheka kwa pamoja kama kanisani wanavyoitikia. Jasho lilimwingia machoni. Kiganja kilikuwa kimeota lengelenge na likapasuka, naye akaendelea kuchimba, maana mkono uliokuwa unachimba ulikuwa wake. Mushagalusa alikuwa mtu wa mashine.

Walikipita kipande chote, wakakirudia kwa upande. Jua lilishapita utosini. Maman Nzigire, aliyekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, alikuwa anasema jambo moja tu: "Iko hapo. Niliiona."

"Wapi hapo, mama? Nionyeshe kwa kidole."

"Ningekuwa mulangoni ningekuonyesha. Mulango munaubomoa, munaniuliza wapi."

Uwera akatupa jembe lake chini kwenye magugu, akakaa, akajifunika uso na kitenge. Alipokifunua, Mushagalusa alikuwa anapita mbele yake tena na sahani, kushoto, kulia, kushoto. Sahani ikapita juu ya magugu palepale alipolitupa jembe.

Mashine haikusema kitu.

Uwera akabaki anatazama. Akamngoja arudi. Sahani ikarudi, ikapita juu ya jembe zima la chuma, jembe la juzi la dukani, na mashine ikakaa kimya kama iliyoshiba.

"Simama hapo," akasema. "Rudisha."

"Kwani nini?"

Uwera akafunua magugu. Mushagalusa akaliona jembe, akaona sahani yake iko juu yake, akainua mabega. "Labda betri."

Uwera akamwendea mama yake, akamvua bangili ya shaba mkononi, akaiweka chini pembeni ya jembe. "Pitisha."

Kwenye bangili, mashine ikaimba. Kwenye jembe, kimya. Bangili, ikaimba. Jembe, kimya.

"Inalilia shaba. Chuma inakiacha," Uwera akasema polepole, hasira ikimpanda neno kwa neno. "Tangu asubuhi tunatafuta chuma na mashine isiyotaka chuma. Hicho kifungo kilichofungwa na mpira ni cha nini?"

Pembeni mwa kile kifungo kidogo kulikuwa na kingine, kikubwa, kimezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli na kukazwa fundo.

"Hicho hakiguswi."

"Kazi yake?"

"Ni ya… Bon. Ni ya patron. Alikifunga yeye mwenyewe. Alisema muntu akikifungua, atamukata mukono."

"Nimekuuliza kazi yake."

Mushagalusa akajikuna shingo. "Kuchuja," akasema mwishowe. "Kule kwa machimbo, chuma ni takataka. Misumari, vipande ya makoleo, batu banapoteza siku. Donc unaichuja, unaambia mashine ikikutana na chuma inyamaze. Dahabu ndio ilie. Kizibo tu ndio inaidanganyaka. Nilisahau, dada. Siye hatutafutaki chuma, hata siku moja."

"Ulisahau."

"Nani anavusha mashine ya dahabu mupaka sababu ya jembe?"

"Fungua."

"Patron ataona."

"Mushagalusa," Maman Nzigire akasema kutoka kwenye kinu, bila kupaza sauti, "nilikubeba kwa mugongo yangu ukiwa na surua. Fungua kitu hicho."

Akafungua, kwa meno, maana fundo lilikuwa la mtu asiyetaka lifunguliwe. Akazungusha kifungo hadi mwisho wake.

Uwera akadhani sasa mambo yamenyooka. Wapi! Mashine ikaanza kulia ikasahau kunyamaza. Kila mahali. Waliposogea karibu na ua, pale ilipokuwa nyumba ya zamani, sahani haikupata hata pa kuvutia pumzi. Wakachimba: msumari. Wakachimba: msumari umepinda. Bawaba. Msumari. Barabarani wakapiga makofi.

"Sasa munajenga!" Harelimana akapaza sauti. "Mukipata na mabati muniite niwasaidie kuezeka." Kisha akatazama saa yake, akasema njaa haina mpaka, akaondoka kwenda senta kula.

Uwera alitamani kulia. Ila macho yake hayakujua kupumzika, hata mwenyewe alipokuwa amechoka. Akaona kwamba kelele zile hazikumwagika ovyo. Akamwambia Mushagalusa asichimbe tena. Yeye apite tu, na kila inapolia, Uwera anachomeka kijiti. Vijiti vikaanza kusimama, kimoja, kingine, vikajipanga mstari kama watoto wa shule. Mstari ukakatika, ukaacha nafasi ya mtu kupita, ukaendelea tena upande wa pili.

Misumari ya ukuta wa mbele ilikuwa imeanguka palepale ulipokuwa ukuta. Na pale isipokuwepo misumari…

"Mama," Uwera akaita. "Mulango wako huu hapa."

Maman Nzigire akainuka kwenye kinu. Akaja polepole, akaingia kwenye ile nafasi ya katikati ya vijiti, akageukia barabara. Akapiga magoti kama msichana aliyejificha. Akafumba jicho moja, akaweka ncha za vidole mbele ya lile jingine, ikawa ufa.

Hakuna aliyecheka.

"Walipita mbele ya mugomba," akasema. "Mugomba haiko tena, lakini ilikuwa hapo mukononi mwa kuume. Wakafika wakasimama. Baba yako alikuwa ananifichia muti ya avoka ya ng'ambo ya barabara, nilikuwa namuona mabega tu. Sogea, Mushagalusa. Tena. Rudi kidogo. Hapo. Sasa unanifichia avoka."

Mushagalusa akashusha sahani miguuni pake.

Sauti iliyotoka haikuwa ile pii ya vizibo, wala mikwaruzo ya misumari. Ilikuwa nene, pana, ikitoka chini. Akaisogeza sahani, sauti ikafuata. Akaigeuza kwa upande mwingine, ikabaki vilevile. "Hii si ya uongo," akasema, na yeye mwenyewe sauti ilikuwa imebadilika. "Sauti ya uongo unaigeuzia upande inapotea. Hii imekaa. Na iko chini, mbali. Iko kubwa."

Wakachimba kwa uangalifu, Uwera kwa mikono mwishoni. Ukingo wa chuma ukatokea, mwekundu, umeshikamana na udongo kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Kisha bega la jembe. Kisha mwanzo wa mkia.

"Acha!" Uwera akasema. "Usiling'oe. Usiliguse. Nakwenda kumwita Harelimana aje alione likiwa bado kaburini. Umenisikia? Likae hivihivi."

"Nimesikia, dada. Kimbia."

Akakimbia. Alisahau kabisa kwamba njia imezibwa, akafika kwenye miiba, ikabidi arudi azungukie bondeni, kwenye tope lilelile, hadi senta. Harelimana alikuwa na mchomo wa mbuzi mbele yake na hakuwa na haraka. Alimaliza. Akanawa mikono. Akachokonoa meno. Njiani alisimama kusalimia kila mwenye mkono. Uwera akatembea nyuma yake akiuma midomo, huku mawingu yakishuka kutoka upande wa msitu wa Nyungwe, meusi, na upepo ukianza kupindua majani ya migomba.

Walipofika, Mushagalusa alikuwa amechuchumaa kando ya beseni la maji, anatabasamu kwa meno yote. Mkononi alikuwa na jembe. Alikuwa ameling'oa. Alikuwa ameliosha, amelisugua kwa jiwe na mchanga mpaka likaanza kung'aa pembeni.

"Dada, angalia! Angalia kazi ya mufua chuma wa zamani!"

Uwera akalitazama jembe, akalitazama shimo.

"Nilikuambia nini?" akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuambia nini, Mushagalusa?"

Tabasamu likaanza kumtoka. "Mais… kitu ikitoka kwa udongo, tunaoshaka. Kule hakuna muntu anapeleka kitu chafu kwa patron. Unachimba, unaosha, ndio unaonyesha. Mikono zilienda zenyewe."

Harelimana alilipokea jembe kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, akaligeuza. "Jembe zuri," akasema. "Safi. Mumelinunua wapi? Kwa wauza vyuma vya zamani wa Kamembe ziko nyingi hizi. Ningekuja asubuhi mungenionyesha na mpini wake." Akalirudisha. "Mwanangu Uwera, hata mimi nikichimba shimo nikaosha sufuria ya mke wangu, nitasema babu alinirithisha kilima."

Watu wa barabarani wakaangua kicheko. Maman Nzigire akashika kichwa. Uwera alitaka kulichukua lile jembe amkate nalo Mushagalusa, halafu Harelimana, halafu mbuzi wa senta. Badala yake akaenda kwenye shimo, akapiga magoti, akachungulia.

Alitazama kwa muda mrefu.

Jembe lilikuwa limeinamia ubavu, mkia ukielekea chini. Mushagalusa aling'oa akilivutia upande mmoja. Upande wa pili udongo ulibaki umesimama, mgumu, mweusi wa kutu ndani ya wekundu. Na katika ule ukoko, umbo la jembe lilikuwa bado limo. Bega lake lilikuwa limo, na ubapa wake, na chini kabisa tundu refu jembamba ulimokuwa mkia, limeingia ndani ya udongo kama tundu la panya.

"Leta mashine," akasema. "Shusha sahani humu."

"Kuna nini tena?"

"Shusha."

Shimo lilikuwa tupu, na mashine ikalia. Kwa mbali, kwa unyonge, lakini ililia.

Mushagalusa akainamisha kichwa. "Ni jasho ya chuma," akasema. "Chuma ikikaa sana chini inatoka jasho, inaingia kwa udongo, na magamba yake inabakia. Unaondoa kitu, kivuli yake inaliaka bado. Siku chache haitoshi, dada. Inataka miaka."

Uwera akamgeukia Harelimana. Harelimana hakucheka. Alichungulia shimoni, akakunja uso, akasema: "Mutu anaweza kuchonga kitu kama hicho kwa kisu." Tone la kwanza la mvua likampiga kwenye kofia.

Mvua ya Nyakarenzo haikuombi ruhusa. Uwera akamwaga maji ya beseni, akalifunika juu ya ukoko, akazungushia majani ya migomba, akalaza kitenge chake juu yake, na juu ya kitenge akakaa mwenyewe, ameinama. Mushagalusa akaifunga mashine na nailoni, akairudisha guniani. Mpaka ulikuwa haungoji mtu. Alisimama mbele ya Uwera, maji yakimtiririka puani.

"Unisamehe, dada."

"Nenda. Na hicho kifungo ukifunge kama kilivyokuwa."

Akaenda zake. Watu wa barabarani nao wakakimbilia mabarazani. Saa tisa ikafika na abunzi hawakuonekana; mvua imewashika mahali. Uwera akasikia maji yakipita chini ya majani, akayaelekeza pembeni kwa kisigino, yakarudi, akayaelekeza tena. Alihisi udongo chini ya beseni ukilainika, na hakuwa na la kuufanya.

Harelimana alikuwa hajaondoka. Alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo, chini ya mwavuli, macho kwenye beseni.

"Nenda nyumbani, Papa. Utashikwa na kifua."

"Nikuachie ufunue uchonge vizuri? Kisu hakikosekani kwa mama yako. Sitoki hapa."

"Basi kaa."

"Nimekaa."

Mwavuli wake ukapinduliwa na upepo. Akaupindua tena. Akakohoa. Baada ya muda, bila kumtazama Uwera, akasema, "Baba yangu hakuniambia neno la jembe. Alisema tu, mpaka uko palipo na mpaka. Mtu anasema hivyo kwa mtoto wake?"

"Labda alidhani utauliza."

Harelimana akaukunja mwavuli, maana haukumfaa tena. Hata hivyo hakuondoka.

Abunzi walipofika mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mukamazimpaka, mama mnene mwenye viatu vya mpira vya mumewe, aliambiwa yote kwa mara moja na watu wote, akainua mkono wakanyamaza. Akamwambia Uwera ainuke. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mama yake akamvuta. Beseni likafunuliwa.

Ubapa ulikuwa umeporomoka. Umekuwa tope tu. Kilichobaki ni bega moja na lile tundu la mkia.

Uwera akageuza uso.

"Shimo hili," Mukamazimpaka akauliza, "tangu lichimbwe, limeguswa na nani?"

"Na mpwa wao wa Bukavu, aling'oa," mtu akasema.

"Baada ya hapo. Kabla sijafika."

Mama mtu hawezi kuwa shahidi wa mtoto wake, kila mmoja alijua hilo. Macho yakazunguka yakamkuta mtu mmoja aliyelowa hadi kwenye mifupa. Harelimana akavua kofia, akaikamua, akaivaa tena. Ungeona kwamba maneno yanamkwama, yeye ambaye hayakuwahi kumkwama.

"Hakuna," akasema. "Nilisimama hapa tangu tone la kwanza. Huyu mtoto hakufunua. Hakuna aliyegusa."

"Nipeni jembe."

Mukamazimpaka akalishika kwa ncha, akapiga magoti na viatu vyake vikubwa, akaelekeza mkia kwenye tundu. Ukagoma. Akauzungusha kidogo, akasukuma. Ukaingia taratibu mpaka mwisho, na bega la jembe likakaa kwenye bega la udongo.

Aliliachia. Likabaki limesimama lenyewe.

Maamuzi yake hayakuwa marefu. Kona ni hii. Harelimana atang'oa miyenzi yake na miiba yake kabla ya wapima kufika, apande mipya kuanzia hapa. Kisha akanyoosha mstari kwa macho hadi juu, akasema kwamba mstari huohuo, ukipanda, unakata matuta ya maharage ya Maman Nzigire. Hayo nayo yatarudi kwa Harelimana. Maman Nzigire akafungua mdomo, Mukamazimpaka akamtazama, ukafungwa.

"Maharage yamekaribia kuiva," Uwera akasema.

"Nitangoja muvune," Harelimana akajibu, na akapiga chafya.

Jembe lilifukiwa upya mbele ya wote, chafu tena, na Harelimana mwenyewe akakata kitawi cha muyenzi akakichomeka juu yake, akiyakwepa maziwa yake. Watu wakatawanyika. Hakuna aliyempa mtu pongezi. Kila mmoja alikuwa na tope lake la kukwangua.

Uwera akavuta miiba ya njiani kando, kwa mikono ile yenye malengelenge, akapita. Alifika hadi barabarani. Hakuwa na kikapu, wala nyanya, wala pa kwenda saa ile. Pikipiki ikampigia honi. Akasimama kidogo, kisha akarudi nyumbani kwa njia ileile.